Siku Nilizoziita Uvivu

Mwanangu Zuhura,

Karatasi hizi nimeziandika leo Jumapili, siku ambayo hatukati miwa. Nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya kambi yetu ya wakataji. Shomari wa Umwe anaondoka na basi la jioni, na kesho asubuhi atashuka Kibiti akupe mkononi kabla hujapanda gari la kwenda Dar na kuunganisha Arusha. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata mama yako. Akacheka, akasema, "Athumani, barua ya binti yako unaifunga kama ya posa?" Nikamwambia acha utani, shika.

Mimi ni mzima wa kutembea na kula. Zaidi ya hapo sisemi, maana nikisema nitadanganya.

Habari za blanketi, mafuta ya kujipaka, na namna ya kukaa na watu wa huko baridi, mama yako ameshakueleza, na asiyoyasema yeye atayasema shangazi yako. Mimi siyagusi. Mwandiko wangu unaujua; niliishia darasa la tano na mkono huu sasa umezoea panga kuliko kalamu. Nivumilie.

Nina kosa jipya la kukiri, la wiki hii hii, na halieleweki bila lile la zamani.

Jumanne kocha wako mpya wa huko Arusha alinipigia simu. Kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo kama mtu tunayejuana. Akasema, "Mzee, Mwalimu Chande ameniambia uliandika muda wa Zuhura kwa miaka mitatu. Sisi huku tunapanga mazoezi kwa takwimu. Muda wake bora kabisa ni upi?"

Sikufikiri hata pumzi moja. Nikamjibu, "Mita elfu moja na mia tano, dakika tano na sekunde saba." Niliisikia sauti yangu inavyojidai.

Yule kijana akapiga mluzi. "Pekupeku, juu ya changarawe? Safi sana mzee. Tutaanzia hapo."

Tutaanzia hapo. Nimekata miwa na maneno hayo mawili siku nne. Maana wewe na mimi tunajua muda ule uliukimbia lini na ulikuwa katika hali gani. Wakikupangia mazoezi ya kuanzia pale watakuvunja tena, na safari hii watakuvunja kwa kauli yangu.

Sasa nirudi nyuma. Mengine unayajua kuliko mimi, lakini hujayasikia yakitoka kinywani mwangu.

Unakumbuka Mwalimu Chande alivyokuja nyumbani mara ya kwanza, msimu wa kupandikiza mpunga, suruali ameikunja na tope limemfika magotini? Akasimama kwenye kizingiti, akasema, "Baba Zuhura, huyu mtoto wako anakimbia." Nikamuuliza, "Anamkimbia nani?" Mama yako alicheka mpaka akaketi. Mwalimu hakucheka. Alitoa daftari la mistari, akaligawa kwa rula safu tano: tarehe, umbali, muda, hali ya hewa, maelezo. Akanifundisha kupima muda kwa simu. Akaniambia, "Usimkimbize kwa macho. Macho ya baba yanadanganya. Andika kila siku, na hapa kwenye maelezo muulize mwenyewe anajisikiaje, uandike anachosema yeye. Namba itakwambia amechelewa. Haitakwambia kwa nini."

Nilipima ile barabara kwa kamba ya mita hamsini, mara thelathini, kutoka geti la shule mpaka kona ya kisima. Mama yako alishika ncha moja, analalamikia jua. Kuanzia siku ile nikawa mtu mwingine. Zuhura, hujui ni raha gani kwa mtu asiyesoma kuwa na kitu kimoja duniani anachokijua kwa hakika. Bei ya korosho wanajua wengine. Mafuriko anajua Mungu. Lakini muda wako nilikuwa naujua mimi. Nikienda Kibiti sokoni nilikuwa nalo daftari ndani ya shati, na mtu akiniuliza habari za mvua nilimjibu habari zako.

Mwezi wa kwanza nilikuuliza kama nilivyofundishwa. "Unajisikiaje, mama?" Ukajibu, "Vizuri, baba." Kesho yake, "Vizuri, baba." Ungejibu nini kingine? Binti wa kwetu akiulizwa na baba yake husema vizuri. Nikaona naandika neno lilelile kila siku, nikaacha kuuliza. Safu ya maelezo nikawa naijaza mwenyewe.

Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Mengine yote yalitoka humo.

Daftari ninalo hapa. Nimelisoma tena tangu Jumanne, ukurasa kwa ukurasa. Kila baada ya wiki tatu au nne kuna siku tatu nne ambazo muda wako unapanda, sekunde kumi, sekunde kumi na tano, na pembeni kuna mwandiko wangu: *Uvivu. Uvivu tena. Anadeka. Amezembea nusu ya mwisho.* Usidhani sikuona kwamba zinajirudia. Niliona. Nilikuwa naona kila kitu. Siku moja ulimaliza umeshika tumbo, umechelewa sekunde zaidi ya ishirini, nikakwambia mbele ya wadogo zako, "Uvivu wako una kalenda, mama. Mwezi ukiandama nao unaandama." Wadogo zako wakaanguka kwa kicheko. Wewe ulitazama vidole vya miguu yako. Halafu nikakurudisha ukimbie tena.

Mwezi ukiandama. Mdomo wangu ulitamka jibu na kichwa changu hakikusikia.

Wala siwezi kujitetea kwamba sikuwa na habari. Nilipewa habari. Siku ulipovunja ungo shangazi yako Mwanaidi, aliyekuwa somo yako, alikuja uani akapiga vigelegele, akaniambia, "Kaka, nyumba yako ina mwali." Nilitoa doti mbili za khanga na jogoo. Ukawekwa ndani, ukafundwa. Ulivyofundwa siyajui yote wala si yangu kuyajua, lakini moja najua, kwa kuwa kila mwanamke wa kwetu hufundwa hilo: mambo yale mwanamume asiyaone, asiyasikie, na baba kuliko wanaume wote. Ulifundwa vizuri. Shangazi yako simlaumu, na wewe usimlaumu. Ila tarehe ya siku ile nilikuwa naijua, na daftari lilikuwa palepale juu ya kabati. Sikuwahi kuviweka viwili hivyo pamoja.

Kuna jambo jingine ambalo hujawahi kulisema, na mama yako analisema kila tukigombana. Nilisikia redioni mtu akieleza kwamba mkimbiaji akiwa mwepesi huenda kasi. Nikaanza kukupunguzia wali. Katika nchi ya mpunga, nyumba ya mkulima wa mpunga, mimi nilikuwa naivuta sahani yako nusu inabaki, nasema, "Inatosha, tumbo zito halishindi." Ulikuwa unanawa mkono, unasema, "Alhamdulillahi," unainuka. Nilidhani umeshiba.

Ukaja mwaka ule ambao nilikuwa nauita mwaka wa neema.

Kuanzia kabla ya mwezi wa Shaabani neno uvivu linapotea kwenye daftari. Nimehesabu: miezi mitatu halimo hata mara moja. Muda unashuka tu, wiki hata wiki, kama maji yanavyorudi mtoni baada ya mafuriko. Nilikuwa naufungua ukurasa kuutazama tu, bila kuandika kitu. Nikamwambia mama yako, "Umeona? Mtoto ameacha uvivu." Mama yako akaendelea kupepeta mchele. Baadaye sana, baada ya hospitali, ndipo aliponiambia kwamba alikuwa amekuuliza kisirisiri mbona hali iko vile, nawe ukamjibu kwamba wakimbiaji ndivyo wanavyokuwa, ni kawaida. Alitaka kuniambia. Akaogopa nitasema anamtetea mvivu.

Ikaja Ramadhani. Nilikukimbiza jioni kabla ya futari, saa kumi na moja, ili ukimaliza ukute maji na tende. Ulifunga siku zote thelathini. Nilikuwa nawaona mabinti wengine wa mtaani wakijifanya wamefunga huku wanatafuna muhogo jikoni, na akina mama wanawafunikia, na sisi wanaume tunajifanya hatuoni. Wewe hata siku moja. Nikaenda nalo hilo msikitini. Siku ya Idi, tumekaa na wazee nje, nikasema kwa sauti ili wasikie wote, "Binti yangu kafunga thelathini kamili, na kila jioni anakimbia."

Mzee Mbonde akanitazama. Akasema, "Thelathini? Binti mwenye umri ule?" Halafu akamgeukia mwenzake, "Labda bado mtoto." Wakacheka kidogo, kicheko cha wazee.

Mimi nilikasirika, Zuhura. Nilidhani anakutukana. Nilimjibu neno baya siku ya Idi, nikaondoka. Yule mzee hajui kusoma saa ya mkononi, wala hajawahi kuliona daftari langu, lakini alilijua lililokuwa ndani yake. Baba mzima anajisifu hadharani kwamba binti yake amefunga thelathini, na hajiulizi zile siku ambazo Mungu mwenyewe amemsamehe mwanamke zimekwenda wapi.

Dakika tano na sekunde saba ulizikimbia siku tisa baada ya Idi. Asubuhi ile nilikuona unatoka chumbani umeshika ukuta. Nikauliza, "Mguu?" Ukasema, "Hapana, baba." Nikafurahi kwa jibu lako. Nilikuwa nalihitaji.

Ya mashindano ya kiwanjani Kibiti, wiki iliyofuata, nataka niyaandike mara moja, nisirudie tena maisha yangu. Ulikuwa unaongoza. Ulipofika upande wa pili, mbali na watu, nikaona umeanguka kama mtu aliyevutwa mguu kutoka chini. Nilikuwa kwenye kamba. Nikapiga kelele, "Inuka! Zuhura, inuka!" Ukainuka. Nilidhani umejikwaa. Ulimaliza mbio zile, mwanangu, unaruka kwa mguu mmoja, na ule mwingine unauweka chini na kuuondoa kama umekanyaga moto, na mimi kelele zangu hazikukoma. Ukavuka mstari, ukalala.

Nilibonyeza simu. Nikatoa daftari ndani ya shati, nikatoa kalamu, nikaandika muda. Niliandika kwanza. Halafu ndipo nikaja kwako.

Najua uliniona. Ulikuwa umelalia ubavu, macho yamefunguka, na uliniona nikiandika. Mambo yote mengine naweza kusema sikujua. Hili sina la kusema.

Ya hospitali nadhani unayakumbuka vilevile kama mimi. Daktari yule mama mnene mwenye miwani alisema, "Baba, tupishe kidogo." Nikamjibu, "Mimi ndiye kocha wake." Akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Basi kaa. Kocha ndiye ninayemtaka." Akakwambia mfupa wa muundi umevunjika, lakini haukuvunjika leo, ulikuwa umeshaanza ufa wiki nyingi. Kisha akakuuliza mbele yangu, "Mara ya mwisho umeziona siku zako lini?"

Ulitazama ukutani. Ukasema polepole, "Kabla ya Shaabani."

Daktari akanyoosha mkono. "Hilo ulilofumbata ni nini?" Nikampa daftari. Akalisoma bila haraka, akachukua kalamu nyekundu, akaanza kuzungusha duara. Duara, duara, duara. "Hizi hapa ulizoandika uvivu. Zinakuja kila mwezi. Hukuona?"

"Niliona."

"Ukasemaje?"

"Nilisema uvivu wake una kalenda."

Hakucheka. Akafunua mbele. "Na hapa zimekoma. Hukujiuliza zimekwenda wapi?"

"Nilimshukuru Mungu, daktari."

Akavua miwani. Akaniambia mwili wa msichana ukikimbizwa sana na kulishwa kidogo hufunga mlango mmoja baada ya mwingine ili uendelee kuishi, na mlango ule ndio huanza, na mifupa hufuata. Akasema, "Ukurasa ulioupenda kuliko zote ndio wa ugonjwa. Mtoto alikuwa mzima pale ulipomwita mvivu."

Nikiwa shambani peke yangu kati ya mistari ya miwa, ndiyo maneno ninayoyasikia.

Ulifungwa plasta miezi miwili. Kila asubuhi uliniamkia, "Shikamoo, baba." Nikikuita uliitika, "Abee." Nikikutuma uliinuka na magongo yako. Adabu yako haikupungua hata siku moja, na hapo ndipo nilipojua nimekupoteza. Ungenitukana ningekuwa na pa kushika. Nilikuwa nakaa uani nasikia lile gongo likigonga sakafu, na nikitaka kusema neno, naliona limekauka. Watu niliwaambia nafuata kazi ya miwa kwa sababu mpunga umeharibika. Mpunga haukuharibika. Nilikimbia gongo lako.

Huku nimejifunza kidogo. Kila mkataji hupimiwa kipande chake, na jioni nyapara huandika namba yako kwenye simu kubwa, na mbele yake neno moja. Msimu uliopita nilishikwa na homa siku tatu. Sikulala kambini, nilikwenda kukata natetemeka. Nikakata nusu ya wenzangu. Nyapara akaandika. Nikamuuliza mwenzangu anayejua kusoma kioo kile, "Kaandika nini?" Akasema, "Mzembe." Nilikaa chini palepale kwenye majivu ya miwa. Wenzangu walidhani ni homa. Mmoja akasema, "Mzee, neno tu hilo, litakuua?" Nilikuwa nawaza ni mara ngapi wewe uliusoma mwandiko wangu. Daftari halikuwa na kufuli. Lilikaa juu ya kabati, na wewe ndiye uliyekuwa unafuta vumbi.

Kwa hiyo nikuombe kitu, na nikuombe kwa neno lake, hata kama mkono unakataa kuliandika. Hedhi. Nimeliandika. Mimi baba yako nimeliandika kwa kalamu yangu, ili usije ukasema hakuna mwanamume aliyewahi kukuruhusu. Huko watakuvalisha saa ya kuhesabu mapigo ya moyo na usingizi na hatua. Ni kitu kizuri, usikiogope. Wala usije ukachukia namba kwa sababu yangu. Namba hazikusema uongo hata moja, mimi ndiye niliyezisemea. Lakini saa ile haina ulimi wa kusema yaliyo yako. Ukiumwa, sema unaumwa. Siku zikija, sema zimekuja. Zisipokuja, usifurahi kama nilivyofurahi mimi, sema siku hiyohiyo, na kama hakuna mwanamke karibu mwambie huyohuyo kijana. Ramadhani ikiingia waambie unafunga au hufungi na kwa nini. Na chakula ukipewa, kula ushibe. Haya uliyofundwa ni nguo nzuri, ivae mbele za watu wote. Mbele ya mtu anayeupangia mwili wako kazi, ivue.

Kufundwa kulikufunga kinywa kwa heshima yangu. Mimi nakifungua.

Nilipofika hapo nikaona aibu, nikaiweka kalamu chini. Maana nakwambia wewe useme, mtoto wa miaka kumi na minane, na mimi mtu wa miaka arobaini na tisa nimeshindwa. Siku nne hizi nimempigia kocha mara mbili kumwambia ule muda si muda. Mara ya kwanza alipopokea nilimuuliza hali ya hewa ya Arusha. Mara ya pili nikamwambia, "Yule mtoto, mguu wake, uangalieni," akasema, "Hakuna shida mzee," nami nikakata. Lile neno halikutoka. Kwa mwanamume mwenzangu, kwa simu, hata usoni hanioni! Ndipo nilipopima uzito wa kitu nilichokuwa nadai ukiseme mbele yangu, ana kwa ana, kwenye barabara ya changarawe, na daftari mkononi.

Daftari namkabidhi Shomari pamoja na barua. Kocha aliliomba siku ile ya Jumanne, nikamwambia nitaona. Sasa nimeona. Ni lako. Nilitaka kufuta yale maneno yangu, nikaacha, kwa sababu ukiyafuta, hata yale maduara ya daktari hayana maana tena, na mtu anayejua kazi akiyasoma atajifunza mwili wako unavyokwenda. Ukitaka mpe kocha alisome. Ukitaka lichome. Usiniulize na usinieleze ulilochagua.

Msamaha sikuombi. Nikikuomba utanipa, kwa adabu ileile, "Nimekusamehe, baba," kama ulivyokuwa unasema vizuri, baba. Siutaki wa namna hiyo. Radhi zangu unazo zote, hazikungoji useme kitu. Usinipigie ukifika, ila ukitaka mwenyewe. Mpigie mama yako.

Shomari anafunga mzigo wake, ananiita. Nilikuwa nimeshaikunja barua. Nimeikunjua tena.

Nilikwenda nyuma ya kambi, kwenye tangi la maji ambako mtandao unashika, nikampigia kocha. Alipopokea sikumsalimu. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, nimefumba macho: kwamba ule muda nilioutaja mtoto aliukimbia mfupa umeshaanza ufa, miezi mitatu hajapata hedhi, anakula nusu sahani, ametoka kufunga thelathini, na kwamba mimi baba yake nilijua namba na sikujua mtoto.

Akasema, "Mzee, asante sana. Huo muda nimeufuta." Nikasikia anaandika. Akauliza, "Sasa muda wake wa kweli tuweke upi?"

Nikamwambia, "Sijui. Muulize mwenyewe."

Baba yako,
Athumani